Chokaa Niliyoipaka kwa Heshima

Habari hii sijawahi kumweleza mtu kwa hiari yangu. Wanaoijua waliiona kwa macho yao, nao ni akina mama wote wa kikundi cha sala cha avenyu yetu, kwa hiyo mkiwakuta sokoni hapa Likasi wananitazama na kuziba midomo kwa vitambaa, jueni wanacheka nini.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na miti miwili mikubwa. Mmoja ulikuwa mkalitusi uliooza shinani, umeinamia chumba tulichokuwa tunalala sisi watoto, na mama alikuwa na hofu kwamba mvua ya kwanza itautupa juu yetu. Mwingine ulikuwa mti wa avoka, yaani maparachichi, na huo ndio uliotulisha, maana mshahara wa baba ulikuwa umekoma, yeye mwenyewe alikuwa mji wa Kakanda akitafuta kibarua, na mama akawa anauza avoka sokoni. Miaka hii watu wamekuwa wakikata miti ovyo ili wachome makala, mkaa wa kupikia, basi komini, serikali ya mtaa, ikakaza sheria: hata mti ulio ndani ya paseli yako, kiwanja chako mwenyewe, huukati mpaka ajenti wake aje, auone, auwekee alama ya chokaa na kukuachia karatasi. Tulingoja sana. Mwishowe akaja, akachora msalaba mweupe kwenye mkalitusi, akaniambia, "Petit, ni huu tu. Muti bila alama musiiguse. Samedi nitarudia kuangalia." Yaani Jumamosi.

Ijumaa mama akanituma nifagie uwanja, kwa sababu kesho yake akina mama walikuwa wanakuja kusali kwetu. Nikafagia. Halafu nikauangalia ule mti na msalaba wake, nikaona unafanana na mgonjwa aliyefungwa bandeji. Kulikuwa na chokaa ya machimbo ya Kakontwe imebaki ndani ya ndoo, nami nikakumbuka kwamba zamani, wakubwa walipokuja kutembelea mji, miti ya avenyu ilipakwa chokaa mpaka kiunoni, ikapendeza. Basi nikapaka yote miwili (nani alinituma? Hakuna). Mti wa avoka niliupaka mara mbili, kwa heshima.

Sasa mkalitusi, hasa uliooza, gome lake halishiki. Usiku chokaa ikabambuka pamoja na gome, na msalaba wa ajenti ukaenda nayo. Mimi asubuhi sikuangalia, nilikuwa na haraka ya kuoga kabla ya wageni, lakini wageni wakafika mapema, wakakaa upande wa mbele, wakafumba macho na kuanza kusali, nami niko ndani ya bafu letu la magunia nyuma kule, nimejaa sabuni kichwani.

Papa Ngoy, mkata miti, ambaye tulipatana naye achukue kuni kuwa malipo yake, akafika akapiga kelele juu ya magunia kuuliza kama ndiyo wenyewe, "Mutoto, ni muti ya chokaa, njo?"

Nilitaka kutoka nimwonyeshe. Lakini nilikuwa uchi, na mimi hata nikiwa nimevaa naona haya kusema mbele ya watu. Nikajibu kwa sauti ndogo, "Ndiyo, papa."

Shoka likaanza. Nilimsikia mama huko mbele akisema, "Asante Bwana," na wenzake wakaitika amina. Mimi nikashangaa tu kwamba mkalitusi unakatika upesi hivyo. Kisha nikasikia mti unalia, majani yakanifunika, na tawi likayabeba magunia yote. Nilipopangusa sabuni machoni nikaona anga, nikaona avoka mbichi zimetapakaa mpaka miguuni pangu, nikaona kikundi kizima cha sala kimekuja mbio kuangalia.

Mama Jeanne, kiongozi wao, akageuka taratibu akasema, "Bamama, tufunge tena macho."

Papa Ngoy alikuwa ananitazama bila kuelewa. "Mulisema muti ya chokaa. Hii njo iko na chokaa mingi."

Mama alisimama ameshika kichwa. Nilingoja anipige. "Vaa suruali kwanza," akasema. "Kulia tutalia kiisha."

Ajenti alifika nikiwa nafunga kifungo. Akauzunguka mti ulioanguka, akautazama mkalitusi, akasoma karatasi yake mwenyewe kama hajawahi kuiona.

"Ruhusa ilikuwa ya muti moja," akasema. "Muti moja iko chini."

"Na hii inayotaka kutuua?" mama akauliza.

"Hii, mama, mutaomba tena."

Mvua zimeanza, jibu halijatoka. Tunalala sote sebuleni, upepo ukivuma tunausikiliza mkalitusi, na mama sasa anauza mihogo aliyoinunua kwa watu. Hajanipiga mpaka leo. Ameniomba neno moja tu: nisifanye tena jambo zuri lolote bila kumuuliza kwanza. Nimeapa.