Sahihi Yangu Kwenye Taka za Kliniki

Nilifanya usafi miaka sita katika kliniki moja ya kibinafsi pale Malaba, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kuingia Uganda. Sindano zilizotumika tulizitia kwenye kisanduku cha njano, pamba zenye damu kwenye mfuko mwekundu. Kila Alhamisi gari lenye leseni lilizibeba kwenda kuchomwa, nami nikaweka sahihi kwenye fomu ya faili kwamba zimechukuliwa.

Kisha gari likaacha kuja. Mifuko ikarundikana nyuma, ikanuka. Daktari mwenye kliniki, mtu mpole aliyeulizia watoto wangu kila asubuhi, akaniambia, "Mama, hiyo sheria ni ya hospitali kubwa. Peleka tu kwa jaa la soko." Halafu akanipa fomu tupu. "Na uendelee kusaini, faili isikae na mapengo."

Nilikuwa nimefundishwa kwamba taka ni jukumu la biashara iliyozitoa mpaka ziteketee. Nilizipeleka jaani, nikasaini hivyo hivyo.

Pale jaani kulikuwa na mama mmoja wa kijiji cha Moding aliyeokota chupa za plastiki. Tulizoea kusalimiana. Asubuhi moja nilimkuta ameshika kiganja.

"Dada, kitu imenidunga."

Kando yake kulikuwa na kisanduku chetu cha njano, kimepasuka.

"Twende hospitali saa hii," nikamwambia. "Kuna dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, lakini haingoji."

"Kwani hiyo sindano ni ya wapi?"

"Sijui," nikasema.

Katika hospitali ya serikali alipewa vidonge vya mwezi mzima. Chanjo ya homa ya ini haikuwepo. Muuguzi aliuliza sindano ilitoka wapi, naye akajibu, "Kwa jaa." Mimi nilikuwa nimeketi kando yake.

Mtu fulani alilalamika kuhusu taka zile, na afisa wa kaunti akaja kliniki kukagua. Alifungua faili, akapitia Alhamisi moja baada ya nyingine.

"Ni wewe umesaini?"

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. "Ni mimi," nikasema.

"Hapa mko sawa kabisa," afisa akasema, akafunga faili.

Yule mama hakurudi jaani. Nilipoacha kazi nilimtafuta kwao. Dada yake aliniambia vile vidonge vilimtapisha, akaviacha kabla havijaisha. Baadaye macho yakawa ya manjano, wakampeleka Tororo, ng'ambo ya mpaka, kwa jamaa zao. Sikuuliza zaidi, na sikumwambia mimi ni nani.

Wiki jana nilipita karibu na ile kliniki. Mwanamke nisiyemjua alikuwa akitoka na mfuko mweusi, anaelekea sokoni. Nilimsimamisha, nikamweleza habari yote ya sindano. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mimi nimeandikwa kazi juzi tu," akasema, akaendelea na njia yake.