Jiwe Nililolikalia Kinanira

Sijawahi kulisimulia hili bila kuinamisha macho, na ninyi mnaonijua sasa mtaelewa kwa nini siketi juu ya jiwe.

Ilikuwa miaka ya vita, tukiishi mtaa wa Kinanira kwenye mteremko, na barabara yetu nzima ilikuwa na gari moja tu, langu (bovu, lakini gari). Goreth, mke wa jirani yangu Deo, alikuwa karibu kujifungua, nami nilimwahidi mbele ya watu: "Uchungu ukikushika, mi niko, nitakufikisha hospitali."

Siku moja injini ikaanza kukohoa. Mkanda unaoipangia saa zake ulikuwa umeruka meno. Fundi alikuwa mtaa wa Jabe, na upande huo milio ya risasi ilisikika tangu asubuhi, basi nikasema nitajitengenezea mwenyewe (si nilimaliza sekondari, nikasoma na fizikia?). Kazi yenyewe ni kuizungusha injini kwa mkono, kwa spana, taratibu, mpaka alama zikutane. Spana inakaa chini, karibu na tairi la mbele, na magoti yalikuwa yananiuma, ndipo nikafanya jambo dogo: nikalichomoa jiwe lililozuia tairi, nikalikalia. Breki ya mkono ilikufa zamani, lakini gia ilikuwa imeingia, kwa hiyo sikuona shida.

Nikavuta spana. Ikagoma.

Deo, aliyekuwa amekaa uani pao na mkewe, akacheka: "Muzee, iyo moteri inakukatala! Toa vitesi kwanza, si ulisoma we?"

"Umuache, Deo," Goreth akasema. "Tutamuhitaji."

Nikaona haya. Nikapenyeza mkono dirishani, nikatoa gia.

Gari likaondoka. Mimi nimebaki juu ya jiwe lake, spana mkononi, nikilipigia kelele "Simama!" kana kwamba lina masikio, nalo likashika mteremko, likazidi mwendo, likagonga geti la mabati kule chini kwa kishindo ambacho mtaa mzima ulikielewa kwa namna moja tu: bomu.

Watu wakatimka. Mama mmoja alibeba godoro akaacha viatu. Deo akamvuta Goreth mkono wakaelekea bondeni, nami nyuma yao nikipaza sauti, "Mrudi, ni gari yangu! Ni mi!" na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kukimbia.

Nilimkuta Goreth ameanguka kwenye majani makavu ya migomba, uchungu umemshika. Gari halikuwepo. Wanawake wakatandika vitenge, wakatufukuza wanaume, na kabla ya giza mtoto akalia. Alikuwa mzima, na mama yake pia (tumshukuru Mungu, si mimi).

Deo aliitazama mikono yangu yenye grisi. "Ulisema utamufikisha, muzee."

Nikaificha mgongoni.

Tangu siku ile sigusi injini kabla ya kuweka mawe kwenye tairi, hata mahali palipo sawa kama meza. Goreth hakunilaumu kamwe. Ila kila apitapo na kukuta gari langu limesimama, hulisukuma jiwe kwa ncha ya kiatu mpaka liguse tairi, ndipo anisalimie.