Mafunjo ya Sanga

Mwadi hakwenda mjini Kamina kutafuta maisha. Alikwenda kwa sababu nyumba yao ya Sanga ililiwa na ziwa. Alifikia kwa kaka yake Ambroise, fundi wa reli, akaanza kuuza samaki wakavu karibu na stesheni. Wateja walimwona mpole, mtu wa maneno machache. Hawakujua kwamba kila alipopanga samaki mezani alikuwa akilitafuna jina la mtu mmoja: Jessé.

Jessé alikuwa mwanakijiji mwenzao kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, mwenye mitumbwi mingi kuliko wote. Mafunjo yaliyosongamana mbele ya kijiji yalimkera, maana yalizuia kokoro lake, wavu mrefu wa kukokota, lisiburutwe hadi nchi kavu. Kiangazi kimoja akayatia moto. Masengo, mama yake Mwadi, alimfuata pale pale kwenye moshi.

"Jessé, mule ndani njo samaki banazalia. Na mayi ikikuja, nini itaizuia?"

"Mama, mayi ya hapa tunaijua," Jessé alijibu, akicheka.

Lakini mvua za siku hizi hakuna anayezijua. Zilichelewa mpaka watu wakakata tamaa, kisha zikashuka zote kwa mkupuo, na upepo ukalisukuma ziwa juu ya kijiji. Zamani mafunjo yangeyavunja mawimbi nguvu. Sasa palikuwa peupe. Ukuta wa udongo ulimwangukia Masengo akiwa anawatoa mbuzi. Jessé, ambaye nyumba yake ilikuwa mlimani, alikuja msibani na gunia la unga wa muhogo, akasema ni mapenzi ya Mungu. Mwadi aliupokea unga ule kwa mikono miwili, akaenda kuumwaga ziwani mbele ya waombolezaji.

Huko Kamina, Mwadi akangoja. Na samaki wa Jessé wakaja. Mafunjo yalipokwisha, samaki wakubwa waliadimika, naye akaanza kuvua kwa vyandarua vya mbu. Mwadi alibeba kikapu kimoja cha samaki wake hadi depo, ghala la Mama Amisa, mfanyabiashara wa ukoo wa Maniema aliyepokea sehemu kubwa ya samaki walioingia mjini. Akakipindua sakafuni. Juu walikuwa samaki wa kawaida. Chini vichanga vitupu, vyembamba kama majani ya nyasi.

"Mama Amisa, hii iko samaki ao iko mayai? Mwaka unaokuja utauzisha nini?"

Amisa aliinama, akavichambua kwa vidole. Kisha akamtazama Mwadi usoni.

"Sema kweli, mwanangu. Unalilia ziwa, ao unamutafuta Jessé?"

"Jessé."

"Vizuri, haukunidanganya. Weye mutafute Jessé. Minyi nitafanya juu ya kulinda ziwa."

Amisa akatuma neno mwambao wote wa ziwa: samaki wa chandarua, na samaki wa mtu aliyechoma mafunjo, hawaingii kwake. Wachuuzi wenzake wakamfuata, hata wa mji wa Kabongo, kwani nao walikuwa wameona samaki wakipungua. Mizigo ya Jessé ikakaa stesheni mpaka ikaingia funza. Mwadi alipita kuitazama kila alipokwenda sokoni, na harufu ile ikamnukia kama chakula.

Mwishowe Jessé, akijua ni Mwadi aliyepeleka kikapu kwa Amisa, akaja kwake mwenyewe, amekonda, kofia mkononi.

"Yaya Mwadi," alisema, akimwita dada mkubwa, "batoto bangu banalala njaa."

"Mama yangu analala mu udongo."

"Unataka nifanye nini?"

"Rudisha mafunjo. Kutoka mwisho wa kijiji mupaka mwisho mwingine. Na mikono yako, si ya kulipa bantu."

"Ile itachukua miaka!"

"Njo vile. Minyi siko na haraka."

Jessé aliuza kokoro apate kulisha watoto, akaanza kazi. Mwadi alisafiri kwenda kuhakikisha. Alimkuta amezama hadi kiunoni, akishindilia vizizi vya mafunjo kwenye tope, ruba wamemganda mapajani. Wavuvi wengine walikuwa wamekubaliana kutotupa nyavu sehemu ile, na mmoja wao alimshukuru Mwadi kwa kulipenda ziwa. Mwadi alisimama pale muda mrefu, akiinywa taabu ya Jessé. Ilikuwa tamu, tamu kweli kweli, na hakuona haya.

Jessé alipoinua kichwa kumsalimu, Mwadi alinyoosha kidole mahali palipobaki peupe.

"Na pale."

Mafunjo yakaota. Mvua nyingine kubwa ilipopiga, maji yalifika uani yakiwa yamechoka, wala hayakubomoa nyumba. Habari ilipofika Kamina, Ambroise alimwambia dada yake wakiwa wametoka kanisani:

"Sasa umusamehe. Amelipa."

"Nikimusamehe, atalala," Mwadi alisema. "Na akilala, kesho mwingine atawasha kibiriti. Acha abakie na woga wangu."

Kiangazi kilipoingia, msimu wa moto, Mwadi alifunga kitenge chake, akapanda lori la kwenda ziwani, ili Jessé amwone.