Mafuta yalipanda kwenye damu ya mama, familia ikahukumu senene, nikaenda kuuliza dawa ya mashine

Salaam wakuu wa jukwaa. Haya yametokea nyumbani kwetu Buhembe, Bukoba, na sijaongeza chumvi. Mwenye haraka apite, mwenye mgonjwa wa figo akae tuongee.

Bi mkubwa wangu yuko kwenye dialysis, yaani mashine inamsafishia damu maana figo zimegoma. Alishazoea, hata manesi anawatania.

Kikaja kipimo cha mafuta kwenye damu. Triglycerides ziko juu mno. Cholesterol nayo haipendezi.

Sasa mnatujua Wahaya na senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Ulikuwa msimu wake, na kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, kwa hiyo kila mgeni alikuja na senene wake wa kukaanga. Kaka yangu Shafii, anayenunua samaki kisiwani Goziba, akatoa hukumu palepale: "Ni senene hawa!"

Tukakaa kikao. Senene marufuku. Samaki marufuku. Mayai, karanga, vyote. Mama akabaki na ndizi za kuchemsha, basi.

Wakuu, alikonda. Gauni likawa linamning'inia.

Siku moja akaniambia taratibu, "Mwana wange, kwenye mashine siendi tena. Mnanitibu huku mnaninyima chakula, ya nini?"

Niliumia, halafu nikapata hasira. Nikaapa huyu mama hafi kwa kikao chetu.

Nikambembeleza aende mara moja tu, nikafuatana naye. Nikambana daktari anieleze kila kinachoingia mwilini mwake. Nesi alikuwa anachoma dawa kwenye mpira wa mashine. Nikauliza, na hiyo je?

Daktari akasema ni heparin, inazuia damu isigande ikiwa kwenye mashine. Ile ya kawaida, ikitumika muda mrefu, kwa baadhi ya wagonjwa inaweza kupunguza kimeng'enya kinachovunja mafuta, nayo mafuta yakabaki kwenye damu. Kuna aina nyingine, ya molekuli ndogo, ambayo huenda ina nafuu upande huo.

"Lakini tafiti hazikubaliani, na ugonjwa wa figo wenyewe unapandisha mafuta. Siwezi kukuahidi kitu, dada."

Nikamwambia mimi sitaki ahadi, nataka tujaribu kama ni salama kwake. Akapitia hali ya mama, hasa hatari ya kuvuja damu, akakubali kubadilisha.

Kisha akamwita na Shafii, akatusema wote. Mtu wa dialysis anapoteza protini, anahitaji samaki na mayai kwa kiasi. Mnamwua kwa huruma! Shafii alikosa pa kuweka macho.

Kipimo kilichofuata, triglycerides zilishuka, ingawa hazijafika pazuri. Cholesterol palepale. Daktari hakuipa dawa mpya sifa zote, na mimi siipi.

Ila jioni ya siku ile tuliyosemwa, Shafii alishusha sato, tukamchemshia mama. Akala hadi kichwa, akanyonya na mifupa. Akanawa, akatutazama.

"Keshokutwa nani ananipeleka kwenye mashine?"

Wote tulinyoosha mikono.

Funzo langu: msibadilishe dawa kwa sababu ya uzi huu, mkamwulize daktari wenu bila aibu. Na kabla ya kumnyima mgonjwa sahani, ulizeni kwanza. Wenye wagonjwa kwenye mashine, mlipandishiwa mafuta na nini? Semeni, nasoma kila comment.