Togwa ya Kulimia

Miaka ile ya sabini nilikuwa mhudumu wa wodi ya wagonjwa wa akili, Shinyanga. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kugawa uji na kumshika mgonjwa akizidiwa. Daktari wetu alikuwa mtu wa pwani, msomi, na wagonjwa aliowapenda zaidi ni wale wa pombe. Nasema aliwapenda, ingawa mwenzangu wa zamu alisema daktari aliwachoka kama tulivyowachoka sisi, ila alijua kuficha. Labda.

Kabla ya mvua za mwaka mmoja tuliletewa mtu wa kijiji cha Samuye, aliyetoka kwenye mashimo ya dhahabu huko Geita. Dhahabu hakurudi nayo, alirudi na gongo. Tulimwita Baba Mapacha. Mwanzoni alitetemeka mpaka kijiko kikamshinda. Alipopata nafuu akawa ananisaidia kugawa uji, na kwa kweli aligawa kwa haki kuliko mimi. Lakini kila alipotajiwa kwenda nyumbani alizusha ugonjwa mwingine, mara mgongo, mara macho. Daktari alidhani anakimbia jembe. Nami nilidhani hivyo hivyo, sijui kwa ushahidi gani.

Siku moja daktari akamuuliza waziwazi. Akajibu taratibu:

"Daktari, kwetu jirani haji kunilimia kwa sababu ya sura yangu. Anakuja kwa pombe. Mwenye shamba anaionja kwanza mbele ya watu, wajue haina sumu, ndipo wanashika majembe. Mimi nikiionja nimekwisha. Nisipolimiwa, wanangu watakula nini?"

Daktari akavua miwani, akaifuta. Kisha akauliza kama togwa haifai, maana nayo ni ya mtama na haileweshi. Akanigeukia mimi Msukuma, akaniuliza, je, watu watakubali? Nikasema sijui, na kweli sikujua. Basi akaniambia nimsindikize Baba Mapacha kwao.

Siku ya kulima majirani walifika na majembe na ngoma yao. Waliposikia ni togwa wakanuna. Mzee mmoja akauliza kama wameitwa kulima au kuachishwa ziwa. Sikumlaumu, hata mimi nisingetoka kwangu alfajiri kwa togwa.

Mke wa Baba Mapacha, kwa kuogopa isitoshe, alikuwa ameipika siku kadhaa mapema na kuijaza kwenye mtungi wa pombe, kwa kuwa ndio pekee uliokuwa mkubwa. Aliuosha, niliona mwenyewe umesuguliwa. Lakini udongo ule ulikuwa umekunywa pombe miaka mingi.

Baba Mapacha akachota kata, akaiinua mdomoni. Akasita. Harufu ya pombe ilinifikia hata mimi. Akaishusha kata, na watu wote wanamtazama, kwani mwenyeji anayekataa kuonja cha kwake anafikiriwa mabaya.

Akampa mkewe ile kata.

"Mama Mapacha, onja wewe. Hii imechacha, na mimi ni mgonjwa wa pombe."

Aliyasema hayo mbele ya kijiji kizima. Mkewe alikunywa yote, macho yamemtoka kwa hofu. Halafu yule mzee akasema, "Sasa bwana, si ungetuambia tangu mwanzo? Fungu lako tungeshagawana."

Wakacheka, naye akacheka. Walilima mpaka jua la utosi, wakamaliza mtungi. Yeye alikunywa maji ya kisima. Mimi pia nilionja, na lazima niseme ilikuwa nzuri.

Nilipomsimulia daktari alisema shauri lake la togwa limeharibika. Nikamwambia tu kwamba shamba limelimwa.

Wakati wa palizi sikuwepo. Mkewe alipokuja mjini kuuza kuku alinieleza kwamba safari hii alipika pombe kabisa, akaionja yeye, na hakuna aliyeuliza kitu. Mumewe, alisema, alikuwa ameshatangulia shambani.