Wimbo wa Kumupeleka Mufu kwa Mama Kipepeo

Misi wetu, mwalimu muzungu, aliishi zamani kwa Wamiao, watu wa milima ya China, mpaka serikali mpya ikamufukuza, akatumwa kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, kunusa samaki. Siku moja alituambia: Wamiao wanaimba kwamba kipepeo alitoka ndani ya muti, akataga mayai. Ndani ya mayai wakatoka mutu, ngurumo, nyoka na tembo, wote ndugu.

"Basi, Misi, nyoka ni mukubwa wangu ao mudogo?" nikauliza. "Nijue nani amusalimie mwenzake."

Mutu akikufa, Misi akaendelea, mwimbaji anamupeleka kwa wimbo, kijiji kwa kijiji, njia ileile babu zake walikuja nayo, mpaka kwa mama kipepeo. Kisha mwimbaji anarudi peke yake.

Wakati wa kupumuzika nikalala nyuma ya darasa, juu ya mukeka wa kuanikia samaki, mikono kifuani. Rafiki yangu, mwenye sauti ya kanisani, akaanza kunizika kwa wimbo. Akanivusha ziwa, Kilwa, Pweto, mpaka mto Lualaba, tukielekea Kola, kule babu zetu Walunda wanasema walitoka. Wenzetu walilia kilio cha uongo. Mimi nilibana kicheko.

Halafu kicheko kikaniisha. Niliona maji meupe bila mutumbwi, na vijiji vyenye moto unaowaka, bila mutu. Sauti ya rafiki ilitangulia, nikaifuata.

"Hapa njo mwisho," akaimba. "Mi narudi. We baki, usinifwate."

Sauti ikanipita, ikaenda. Nikataka kuamuka. Mwili ukakataa.

"Ndugu, kengele imelia!" nikasikia kwa mbali. "Wacha muchezo! Mayo, mama yangu, mikono yake ni baridi!"

Misi alikuja mbio. Wanasema alichukua yai jikoni, akasimama mulangoni mwa darasa, akageukia ziwa, akaniita nirudi, kwa lugha na desturi ya wale watu wa milima. Mimi nilikuwa gizani, mbele ya mabawa makubwa yaliyofunguka na kufungika polepole, kama kifua cha mutu aliyelala.

"Nani amekuleta?" giza likauliza.

Jina la rafiki lilifika kwenye ulimi. Nikalimeza, giza lisimukamate naye. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuulizwa na kunyamaza.

Nikaamuka nikikohoa. Misi akanipa lile yai, akasema, "Kula," akakaa chini.

Sasa tukitoka masomo, rafiki hakubali kunitangulia njiani.

"Pita weye, ndugu," ananiambia.

Ninapita.