Dhahabu Iliyokataliwa

Kuna sarafu za dhahabu za Waingereza wa zamani ambazo huwa nazitazama kwenye simu mpaka chai inapoa. Ni sarafu za mfano. Zilipigwa chache tu ili wakubwa wauone mchoro na kuamua, na nyingi hazikuwahi kununua hata mkate. Moja ina malkia kijana anamwongoza simba. Mimi ni sonara hapa Arusha, nakshi ndiyo kazi yangu, na bado sielewi mchongaji aliwezaje kuzikunja zile nguo za malkia zikawa nyepesi namna ile. Naionea wivu. Haikutumika, na leo matajiri wanaigombania. Ya kwangu iko kwenye droo.

Kwaya ya Tengeru, alikozaliwa mke wangu na anakoimba mpaka leo, ilitaka medali ya jubilei. Tuliombwa mifano mafundi wawili: mimi, na mwenzangu mmoja, mdogo kwangu, tuliyekuwa tukishirikiana benchi. Yeye alipeleka ya shaba. Mimi kwa kujidai nikapiga ya dhahabu yenyewe, msalaba juu, Mlima Meru chini. Nilitaka kitu kimoja: kumwona mke wangu amesimama mbele ya usharika na kazi yangu kifuani.

Mzee wa kamati aliigeuza mkononi.

"Fundi, kazi ni nzuri. Ila huu sio mlima wetu. Huu ni wa watu wa mjini."

Alisema kweli, na iliniuma. Kwetu Moshono mlima unaonekana mzima, umechongoka. Ukielekea mashariki, kama unakwenda Tengeru, ubavu wake uliobomoka unaanza kujitokeza. Nimekwenda sokoni Tengeru miaka na miaka, macho yangu yako kwenye ndizi. Mwenzangu alitazama juu.

Kazi akapewa yeye. Baadaye akaja na medali zake za kwaya nzima, mpole kama kawaida yake. "Shikamoo, kaka. Nimezidiwa, nisaidie kuchomelea vipete vya kuningʼinizia."

Nilikubali ili nipate kuzikagua. Niliweka lenzi jichoni nikatafuta kosa: kwenye herufi, kwenye ukingo, kwenye ule ubavu wa mlima. Sikuliona. Nilimchukia siku nzima huku namchomelea vipete vyake.

Jioni nilimkaripia mke wangu. Mfano wangu aliuona kabla ya kamati, akausifu.

"Wewe ni wa Tengeru. Hukuona kwamba mlima nimeukosea?"

"Niliona sio wa kule," alisema. "Nikajua ni huu wa dirishani kwetu. Nikadhani umenichorea mimi."

Siku ya jubilei alivaa ya mwenzangu, maana kwaya nzima ilivaa. Nilikaa benchi la mbele nikamtazama akiimba, na ilimpendeza.